Tarumbeta za Chumbani

Mwezi uliopita nilialikwa Iringa kumuaga Mama Kalinga, ambaye amestaafu baada ya kusimamia kwa miaka mingi mfuko mdogo unaotoa ruzuku kwa vikundi vya muziki na sanaa vya mitaani na vijijini. Nilikaa meza ya mbele, na nilistahili kukaa hapo, kwa sababu vikundi vingi vilivyokuja kumwimbia siku ile vilipata ruzuku zao kwa maandiko ya miradi yaliyotoka ofisini kwangu. Nilipopewa kipaza sauti nilisema maneno mazuri. Watu walipiga makofi, na Mama Kalinga akavua miwani akaifuta kwa ncha ya kitenge. Mshereheshaji alikuwa amenipa muda mfupi na sehemu kubwa niliitumia kueleza jinsi ofisi yangu ilivyokua, jambo ambalo silijutii, maana ofisi imekua kweli: ina vigae, ina mashine ya kuchapa, na mlangoni pana kibao chenye jina langu. Lakini nilipokuwa kwenye basi la kurudi Mbeya, tukipita kwenye misitu ya Mafinga yenye harufu ya mbao mbichi, niliona kwamba katika hotuba yote ile nilikuwa nimeuruka mwaka wenyewe. Upo mwaka mmoja ulionifanya kuwa mtu niliye leo. Nauandika hapa kwa urefu ambao mshereheshaji hakuniruhusu.

Nilikuwa nimerudi Mbeya kutoka Dar es Salaam na diploma ya maendeleo ya jamii. Sikusomeshwa na mtu. Ada niliilipa kwa kuuza viatu vya mitumba, jioni na siku za mapumziko, na nilipomaliza chuo nikafanya kazi ya muda katika ofisi ya wafadhili, kazi ya kurudufu karatasi. Wenzangu walirudufu na kwenda zao. Mimi nilisoma. Kila andiko la mradi lililopita mikononi mwangu nililisoma hadi mwisho, lililokubaliwa na lililokataliwa, na baada ya muda niliweza kulikadiria kwa kuona ukurasa wa kwanza tu. Kwa hiyo niliporudi nyumbani nilikuwa na elimu mbili, moja ya cheti na nyingine ambayo hakuna chuo kilichokuwa kikiifundisha. Nilichokosa ni kazi. Nilipanga chumba nyuma ya soko la Mwanjelwa, nyumbani kwa Mzee Asajile, mfanyabiashara wa vitunguu, nikaitundika diploma yangu ukutani juu ya kitanda. Chumba kile kilikuwa kimepakana na stoo. Magunia ya vitunguu yalikuwa yakiletwa kutoka Ruaha Mbuyuni na kulundikwa hadi darini, na harufu yake ilipita kwenye ukuta, ikaingia kwenye mashuka, kwenye shati la kuombea kazi, na nadhani hata kwenye barua zangu. Leo nikinusa vitunguu vingi pamoja nakumbuka kuwa na miaka ishirini na sita.

Mzee Asajile alikuwa Mnyakyusa mrefu, mpole, asiyependa kurudia neno. Alifanya biashara ya vitunguu ili watoto wale, na alipiga tarumbeta ili yeye aishi. Hivyo ndivyo mkewe, Mama Neema, alivyonieleza wiki yangu ya kwanza, huku akinipa ndizi na maharage bila kuniuliza kama nimekula. Nilikuwa mpangaji, si mtoto wao, na kodi yangu mara nyingine ilichelewa, lakini sikumbuki jioni hata moja ambayo sahani yangu haikuwepo. Sebule yao ilikuwa na makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma, kabati la vyombo lenye vioo, na katika miezi ya baridi jiko la mkaa lililoletwa ndani na kuwekwa katikati kama mgeni. Tulikaa tumelizunguka, magoti yakiwa ya moto na mgongo ukiwa wa barafu, tukila viazi vilivyochomwa humo humo. Nimekula kwenye hoteli kubwa tangu wakati ule, na wapo watu walionilipia chakula wakitaka kitu kwangu. Mama Neema hakutaka kitu. Kama hajapata kunisikia nikimshukuru mbele za watu, na ausome ukurasa huu.

Bendi ya Mzee Asajile ilifanya mazoezi alfajiri uani, kabla soko halijafunguliwa, kwa sababu wapigaji wote walikuwa watu wa shughuli: wauza nyanya, fundi viatu, mwalimu wa shule ya msingi, na Salum mwenye mgahawa wa chai upande wa pili wa barabara. Babu yake Salum alipanda huku kutoka pwani na mizigo ya nguo, na mjukuu akawa mtu wa Mbeya kabisa, isipokuwa kwa pilau na ulimi. Alipiga ngoma kubwa. Waliitwa Sauti ya Asubuhi, walipiga kwenye harusi, vipaimara na mazishi ya mtaa, na hakuna aliyeishi kwa muziki. Tatizo lilikuwa vyombo. Tarumbeta zao zilikuwa kuukuu zilizonunuliwa zamani kutoka kwa misheni moja. Moja ilikuwa imefungwa waya shingoni, nyingine ilizibwa tundu kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, na ile kubwa ya besi ilizibwa nyufa kwa sabuni ya mche kila mara kabla ya kupigwa, na ikishapata joto sabuni ililainika na kutoa povu. Watu wa harusi walikuwa wameanza kukodi spika badala yao. Na kila mwisho wa mwezi mnunuzi wa chuma chakavu alipita getini na mizani yake akauliza, kwa adabu, kama mzee ameshaamua.

Jioni moja Mzee Asajile aliamua. Alisema tukiwa tumezunguka lile jiko, na sauti yake haikupanda. "Mwaka huu ukiisha tukiwa hivi hivi, nauza chuma. Nimechoka kuwaaibisha maharusi wa watu."

"Na mimi ngoma yangu nitaipeleka wapi?" Salum aliuliza. "Niiwambe mgahawani niitie wateja wa chapati?"

"Utajua mwenyewe."

Mama Neema aliendelea kugeuza viazi. Lakini baadaye, kupitia ukuta wa stoo, nilimsikia akimwambia mumewe kwa Kinyakyusa kwamba mwanamume akiacha kinachomwamsha alfajiri hulala moja kwa moja. Asubuhi yake niliwaambia waniachie mimi. Nilisema hivyo hasa: niachieni mimi, ruzuku ya vyombo nitaipata. Salum akanipa jina la Diploma kuanzia siku ile, na hakulisema kwa heshima.

Vijana wanaokuja ofisini kwangu siku hizi hufikiri ugumu uko kwenye kumjua mfadhili. Wanaingia na simu wakiuliza tovuti. Nawaambia nilianza kwa kutembea. Niliwaandikia katiba ya kikundi, nikaisajili kwa afisa utamaduni, nikawafungulia akaunti ya benki, nikaomba barua ya utambulisho kwa mtendaji wa kata ambaye alikuwa na tabia ya kuwa msibani kila nilipokwenda. Hayo yote niliyafanya bila malipo. Kisha nikawa mtu wa chumba cha intaneti pale Mwanjelwa, nikilipia kwa saa, nikisoma masharti ya mifuko ya nje na ya ndani. Majibu yakaanza kuja, mafupi, yenye shukrani nyingi na pole. Ndipo nikafanya kama wengi wafanyavyo, nikaanza kuivalisha bendi nguo ya kila mfuko. Mfuko uliotaka vijana niliuandikia bendi ya vijana. Uliotaka afya niliuandikia elimu ya afya kwa njia ya matarumbeta.

"Leo sisi ni nani?" Salum aliniuliza siku moja mgahawani kwake, akinimiminia chai.

"Mazingira."

Akaliweka birika chini. "Juzi tulikuwa vijana. Mimi na upara huu nikawa kijana, sikusema neno. Sasa mazingira nitayapigaje? Niipige ngoma mti uote?"

"Mwache mwenzio," Mzee Asajile akasema. "Karatasi za wenyewe zinataka hivyo."

"Karatasi? Kiwanda cha karatasi cha Mgololo kitaishiwa miti kwa ajili ya huyu bwana, yote inaishia kwenye maandiko yake. Kama ni mazingira, aanze kwa kuacha kuandika."

Nilicheka nao, chai ikanipalia. Lakini nasema kwa haki yangu kwamba mimi ndiye niliyeugundua mfuko wa Iringa, na niliugundua kwa sababu nasoma hadi ukurasa wa mwisho. Tangazo lake lilikuwa na maneno makavu yasiyovutia, na mtu mwingine angelipita. Mwishoni kabisa liliandikwa kuwa ruzuku ni kwa vikundi visivyoishi kwa sanaa, vinavyowapigia watu wao wenyewe, na kwamba mwombaji aeleze alicho nacho na asicho nacho. Hakukuwa na vijana wala mazingira. Nilikaa kwenye kile kiti cha plastiki nikasoma tena, nikajua kwamba hawa ndio. Niliandika andiko fupi kuliko yote. Nilieleza tarumbeta moja moja, ugonjwa wa kila moja na dawa iliyotumika, waya, tyubu, sabuni. Nimeandika mengi makubwa tangu hapo, na bado lile naliona ndilo bora. Nilipomsomea Mzee Asajile kabla hajatia saini, uso wake ulikunjamana.

"Haya mambo ya sabuni ni ya ndani kwetu."

"Ni karatasi tu, Mzee. Inakwenda Iringa."

"Iringa kuna watu," alisema, lakini akatia saini.

Jibu lilikuja kwamba msimamizi wa mfuko atakuja kutuona. Siku ya ugeni nilikwenda mapema stendi kumpokea, kwa hiyo sikuona kilichoandaliwa nyumbani. Mama Kalinga alishuka kwenye basi la Iringa akiwa peke yake, mwanamke wa makamo mwenye sweta na mkoba wa bega, akaniamkia "Kamwene" kwa Kihehe kama vile amenijua siku zote, na njiani aliniuliza maswali mazuri ambayo niliyajibu vizuri. Tulipofungua geti, bendi ilikuwa imejipanga uani kwa mashati meupe. Na mikononi mwao walikuwa na tarumbeta zinazong'aa kama sufuria mpya. Hakukuwa na waya, hakukuwa na tyubu. Besi ilikuwa safi hadi ndani. Walipuliza wimbo wa kumkaribisha, waliomtungia wenyewe wenye jina lake ndani, na waliupiga vizuri, na kadiri walivyoupiga vizuri ndivyo nilivyoiona ruzuku ikitoka mikononi mwetu. Mama Kalinga alipiga makofi. Kisha akanitazama mara moja tu, kwa pembeni.

Baadaye nilielewa, na hata pale uani nusu yangu ilielewa. Waliziazima kwa bendi ya kanisa moja la ng'ambo ya barabara kuu. Hawakuwa na nia ya kudanganya. Mgeni anatoka Iringa kuja kwako, utampokeaje kwa chombo kinachotoa povu? Vikombe vya kabati la vioo vilitolewa kwa sababu hiyo hiyo, na makochi yalivishwa vitambaa vipya, na kuku alichinjwa katika wiki ambayo nilijua nyama haikununuliwa. Kwa watu wale andiko lilikuwa karatasi na mgeni alikuwa mgeni, na mambo hayo mawili hayakukutana vichwani mwao hata kidogo. Sisemi kwamba walikosea. Nasema tu kwamba ruzuku hutolewa kwa mwenye upungufu, na siku ile nyumba nzima ilikuwa imefanya kazi tangu alfajiri kuhakikisha mgeni haoni upungufu wowote.

Tulikula. Salum alikuwa amepika pilau mwenyewe, palikuwa na ndizi, maparachichi, na soda ya mgeni iliyofunguliwa mbele yake. Mama Kalinga alikula kama mtu anayeheshimu aliyepika, akaongeza. Aliponawa mikono ndipo alipouliza, kwa upole. "Mzee, nimesoma andiko lenu. Nilisoma habari za waya na sabuni. Ziko wapi tarumbeta zile?"

Sikuwahi kabla wala baada kuwa katika hali kama ile. Nikisema wameazima, nimewavua nguo wenyeji wangu kwenye meza yao wenyewe, mifupa ya kuku wao ikiwa kwenye sahani yangu. Nikinyamaza, andiko langu linakuwa la uongo na bendi imekwisha. Aliyejibu alikuwa Mama Neema, na alijibu kama mtu anayeulizwa choo kiko wapi.

"Ziko chumbani kwetu, mama, chini ya kitanda. Hizi tumeazima. Hatukutaka ukae hapa unaangalia ubovu."

"Nimeelewa tangu nilipoingia," Mama Kalinga akasema. "Mimi ni mtu wa Kilolo. Kwetu hata kigoda kinaazimwa mgeni akija. Lakini wanakamati wangu hawajakaa kwenye kochi hili. Wataniuliza kitu kimoja tu: uliona nini? Nikisema niliona mpya, fedha zitakwenda kwingine. Nikisema niliona mbovu, nitakuwa nimesema uongo, maana sikuziona. Naomba mnipigie hizo za chumbani."

Mzee Asajile alitikisa kichwa. "Hapana, mwanangu. Mgeni wangu sitamsikilizisha chombo kinachovuja. Kama fedha zinapatikana kwa njia hiyo, basi ziende huko kwingine."

"Mzee," nikaanza, "kwa utaratibu wa mfuko, ukaguzi wa..."

"Lusajo, kaa," Mzee Asajile akanikatiza.

Nikakaa. Nje lori lilikuwa linabadilisha gia kupanda mlima. Salum, ambaye hakuwahi kukosa la kusema, alikuwa anapanga mifupa pembeni mwa sahani yake. Niliangalia zile tarumbeta zinazong'aa zimelazwa kwenye mkeka kama watoto wa watu waliokuja kutembea, nikaona mwaka wangu wote unakwenda, katiba, usajili, saa za intaneti, na mzee huyu akilala moja kwa moja kama mkewe alivyosema.

Mama Kalinga akainuka. "Mama Neema, unaweza kuniazima khanga?" Tulidhani anakwenda uani kujisaidia. Alijifunga khanga juu ya sketi, akakunja mikono ya sweta, akakusanya sahani zetu mezani, moja juu ya nyingine, akatoka nazo kwa mlango wa nyuma. Mama Neema alimkimbilia, na sisi sote tukasikia.

"Mama, acha. Acha kabisa, utaniaibisha kwa majirani."

"Sabuni yako iko wapi?"

"Nimesema acha, mama."

"Nimeshaiona."

Tulimfuata hadi mlangoni. Alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya beseni, mtu aliyetumwa na kamati kutoka Iringa, akisugua sahani na kuzipanga kwenye ungo kwa mkono wa mwanamke aliyeosha vyombo maisha yake yote. Hakugeuka kututazama.

"Baba," alisema, "kwenu mgeni anaosha vyombo?"

"Haoshi," Mzee Asajile akasema.

"Anayeosha ni nani?"

"Ni mtu wa nyumbani."

"Basi mimi sasa nimefika kwenye sufuria ya pilau, na imeungua chini. Nipigieni kitu, uvivu unitoke."

"Haikuungua," Salum akasema. "Ule ni ukoko. Ndio pilau yenyewe."

Mzee Asajile alisimama pale mlangoni akimtazama yule mwanamke mgongoni. Kisha akaingia ndani, tukamsikia akipiga magoti na kuvuta vitu chini ya kitanda. Alizitoa mwenyewe, moja moja, akampa kila mtu ya kwake. Yule mwalimu alikwenda kusugua besi kwa sabuni ile ile iliyokuwa kando ya beseni, na Mama Kalinga akaisogeza kumpa nafasi. Walipiga wimbo wa kumtoa bibi harusi kwao. Tarumbeta ya kwanza ilikuwa na mkoromo, ya pili ilipoteza sauti katikati na kuipata tena, besi ikatoa povu na bado ikatembea, na Salum alikuwa anajua mahali penye mashimo, akayaziba kwa ngoma. Nilikuwa nimewasikia kila alfajiri kupitia ukuta wa vitunguu nikivuta blanketi kichwani. Siku ile ndipo nilipowasikia kweli. Walikuwa wapigaji wazuri sana, na uzuri wao ulikuwa unapita kwenye vyombo vibovu kama maji yanavyopita kwenye bomba lenye kutu. Mama Kalinga aliacha kusugua, sufuria ikiwa imeegemea tumboni kwake. Walipomaliza alifuta mikono kwenye khanga, akaomba kuzishika zote. Mzee Asajile alimwongoza kidole chake penye waya, penye tyubu, na akamwambia fundi viatu apulize.

"Hapa pumzi inatoka," Mama Kalinga akasema.

"Hapo, na huku chini. Huku ndiko inakotoka nyingi."

Alimwonyesha yote. Alikuwa kama mtu aliyefika kwa daktari baada ya kukataa kwa miaka, na sasa haoni tena sababu ya kuficha.

Mimi ndiye niliyekwenda Iringa kuitetea bendi mbele ya kamati, na niliitetea vizuri, wapo waliokuwemo mle ndani watakaokubali. Ofisi ilikuwa ghorofani juu ya duka la pembejeo, baridi inaingia kwenye mbavu, wazee na kina mama wamekaa na makoti yao wakinihoji kwa nini wasitoe fedha za ukarabati tu. Nilijibu kila swali. Walisema watatuandikia. Mama Kalinga akanichukua kwake nikale kabla ya basi, nyumba ndogo mlimani, na akanipakulia ugali na nyama kwenye sahani za maua yenye ukingo wa dhahabu, nzuri kuliko zote nilizowahi kulia. Nilikuwa bado nakula wakati jirani yake alipobisha hodi mlango wa nyuma, nikamsikia kupitia pazia.

"Nimefuata sahani zangu, na mimi nimepata wageni."

"Ngoja kidogo jamani, mgeni bado ana tonge mkononi."

Nilikula haraka kwa adabu, nikamaliza, na Mama Kalinga aliporudi hatukulizungumzia. Lakini tulitazamana, na katika kutazamana kule ukaanza urafiki ambao umedumu hadi meza ya mbele ya mwezi uliopita. Amenifundisha kazi hii kwa namna ambayo cheti changu hakikuweza. Kila ninapokwenda kukagua kikundi kabla ya kukiandikia, nikishanywa soda ya mgeni, natafuta kitu cha kufanya nyuma ya nyumba. Nimemenya ndizi Rungwe, nimechota maji Ludewa, na nimechambua maharage nikiwa na suti. Wakaguzi wengine hawajui kwa nini mimi huona yale ambayo wao hawaonyeshwi.

Jibu lilikuja miezi ya mwisho ya mwaka. Nililisoma kwenye chumba cha intaneti, nikavuka barabara hadi mgahawani kwa Salum ambako walikuwa wakinywa chai baada ya mazoezi, nikawaambia tumepata. Tarumbeta mpya, si zote tulizoomba, na fundi wa kufanyia matengenezo zilizobaki. Hakuna aliyeruka. Salum aliniambia, "Kaa, Lusajo," akaniletea chapati mbili na maziwa, na hakuniita Diploma tena hadi leo. Mzee Asajile alivua kofia. Akasema "Ndaga," asante kwa lugha ya kwao, akairudia, yeye ambaye hakuwa mtu wa kurudia neno, kisha akaenda kupokea gari la vitunguu, kwa sababu lilikuwa limefika.

Makasha yalipokuja kutoka Dar es Salaam tuliyafungua uani alfajiri. Mama Neema alileta taa. Kila mtu alishika cha kwake kama mtu anayepewa kichanga cha jirani, Mzee Asajile akainua mkono, na wakapuliza. Sijawahi kusikia kelele kama ile. Ng'ombe wote wa Mbeya wangelia pamoja isingefikia. Mbwa walibweka hadi sokoni, madirisha yakafunguka, na jirani mmoja akauliza kwa ukali kama kuna ajali. Wapigaji wenyewe walikuwa wamezishusha tarumbeta wakitazamana kwa hofu, na mwalimu akasema taratibu kwamba labda tumetumiwa mbovu.

Mzee Asajile aliigeuza yake, akaiangalia kote, akapitisha kidole shingoni mwake. Kisha akaelewa, na nikamwona akielewa. Kwa miaka yote ile walikuwa wakipuliza pumzi za watu wawili, moja ya wimbo na moja ya matundu, na vifua vyao havikujua namna nyingine.

"Si mbovu," alisema. "Ni sisi. Tupulize kidogo tu, sasa inafika yote."

Wakaweka midomo tena. Walianza chini kabisa, kwa woga, kama watu wanaoongea karibu na mtoto aliyelala, na wimbo ukatoka mzima. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango wa stoo. Mama Neema alikuwa kando yangu ameishikilia ile taa, na aliendelea kuishikilia hata kulipokucha kabisa, mpaka Salum alipomwambia kwa upole kwamba, mama, kumeshapambazuka.